Bima Ilipie Kovu Linaloumiza

Mikataba mingi ya bima ya afya ina ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, na katika ukurasa huo neno "urembo" halikosekani. Liliwekwa kwa sababu ya maana. Si haki mchango wa mkulima wa Singida au mwalimu wa Kitui uende kumchongea mtu pua au kumpunguzia kiuno. Lakini neno hilo likishaandikwa huwa pana kuliko alivyokusudia aliyeliandika, na miongoni mwa mambo linayoyafagia ni matibabu ya makovu. Mwenye keloidi kifuani inayomwasha usiku kucha, mtoto ambaye vidole vyake vimegandamana baada ya kumwagikiwa na uji wa moto, na kijana anayetaka kufuta alama za chunusi kabla ya harusi, wote watatu wanaweza kujikuta katika kapu moja wakipewa jibu moja. Nadai kwamba kapu hilo livunjwe. Kovu lipimwe kwa lile linalomfanyia mwenye nalo. Kama linauma, linawasha, linaendelea kukua au linazuia kiungo kufanya kazi, huo ni ugonjwa, na tiba yake iingie kwenye kitita cha bima kama inavyoingia tiba ya kidonda kilicholizaa. Likibaki lile ambalo shida yake ni kuonekana tu, mwenyewe alilipie, na serikali ihakikishe tu kwamba hauziwi sumu.

Ili hoja hiyo ieleweke, lazima tukubaliane kwanza kwamba makovu hayafanani. Kovu la kawaida ni ukarabati uliokwisha. Ngozi ikikatika, mwili hutengeneza nyuzi za kolajeni kuziba pengo. Kidonda hufunga katika wiki chache, kisha kazi ya kuzipanga upya nyuzi hizo huendelea kimyakimya kwa mwaka mzima au zaidi. Kovu lililokuwa gumu na lenye rangi kali mwezi wa tatu linaweza kuwa laini na bapa mwezi wa kumi na tano bila kupakwa chochote, na ndiyo maana daktari mwaminifu humwambia mgonjwa asubiri. Lipo kovu la pili, linalonyanyuka na kuwasha lakini likabaki ndani ya mipaka ya jeraha. Hilo nalo mara nyingi hushuka lenyewe kadiri muda unavyokwenda. La tatu ni keloidi, na hiyo haisikii. Inavuka mipaka ya jeraha na kuivamia ngozi nzima ya jirani. Hairudi nyuma yenyewe. Tundu la hereni lisilozidi upana wa sindano linaweza kuzaa uvimbe mgumu wenye ukubwa wa limau, na jeraha lenyewe mtu alishalisahau. Hupendelea masikio, kifua, mabega, taya na kisogo, huanza zaidi kati ya umri wa miaka 10 na 30, hufuata koo, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Kwa maneno mengine, kama kuna mahali duniani ambapo keloidi ilipaswa kuchukuliwa kwa uzito na wanaopanga huduma za afya, mahali hapo ni huku kwetu.

Anayeiona keloidi kwa mbali huona sura. Anayeishi nayo husimulia mambo mengine kabisa: mwasho unaokuja usiku mwili ukipata joto, maumivu ya kuchoma kama yuko kwenye daladala na mkanda wa begi umepita juu yake, nguo anazoacha kuvaa kwa sababu mshono wake unagusa pale pale, upande ambao hawezi kuulalia. Keloidi kubwa ya kifuani inaweza kupata vijishimo vinavyotunga usaha na kutoa harufu. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani waliwahoji wagonjwa 100 wenye keloidi na makovu yaliyonyanyuka, wakakuta kwamba maumivu na mwasho vinapunguza ubora wa maisha yao kwa kiwango kinachopimika. Mama yeyote mwenye binti mwenye keloidi angewaambia hivyo bila dodoso, lakini wanaoendesha bima hupenda namba, basi namba zipo.

Sasa tuje kwenye tiba, kwa sababu hapa ndipo upana wa neno urembo unapoleta hasara hata kwa mlipaji mwenyewe. Mtu mwenye uvimbe sikioni huona jambo jepesi: ukatwe. Na mwenye wembe hakosekani. Tatizo ni kwamba keloidi ikikatwa peke yake, bila tiba nyingine kufuata, hurudi. Vitabu vya tiba ya ngozi vinataja marudio ya kati ya asilimia 45 na 100, na inayorudi mara nyingi huwa kubwa kuliko iliyoondolewa, maana jeraha la upasuaji ni refu kuliko tundu la hereni lililoanzisha yote. Tiba yenye akili ni ya hatua kwa hatua na inachosha. Inaanza na sindano ya steroidi, kwa kawaida triamsinoloni, inayopigwa ndani ya keloidi yenyewe. Sindano ya kwanza si ya kupendeza: nyama ya keloidi ni ngumu, dawa haitaki kuingia, daktari anasukuma kwa dole gumba hadi mkono wake unatetemeka na ngozi inageuka nyeupe kuzunguka ncha ya sindano, na mgonjwa anauma meno. Baada ya wiki nne hadi sita anarudi tena. Na tena. Kwa wengi mwasho hupungua mapema, kisha uvimbe unaanza kulainika na kushuka. Ikishindikana, madaktari huchanganya na fluorourasili, dawa ya saratani ambayo huzuia seli zinazotengeneza kolajeni zisizaliane. Wengine hugandisha keloidi kwa nitrojeni ya kimiminika, njia inayofaa kwa uvimbe mdogo lakini inayoweza kuacha doa jeupe kwenye ngozi nyeusi. Na pale upasuaji unapohitajika, unafuatwa na sindano, au hereni maalumu ya kubana, au mionzi inayoanza ndani ya siku moja au mbili baada ya kukatwa.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba kilicho ghali ndani yake ni kurudi kliniki. Triamsinoloni ni dawa ya tangu miaka ya 1950, hataza yake ilikwisha zamani, na haihitaji chumba cha upasuaji. Inahitaji mtu aliyefundishwa, sindano nyembamba na daftari la miadi. Mgonjwa anayejilipia mwenyewe anaweza kukusanya fedha za kukatwa mara moja, kwa kuuza mbuzi au kuchangiwa na ndugu, lakini hawezi kukusanya nauli na ada za kurudi kila wiki tano kwa mwaka mzima. Kwa hiyo ananunua kile anachoweza kukinunua, yaani kisu peke yake, tiba ile ile ambayo vitabu vinasema itamrudisha. Akirudi, uvimbe ni mkubwa zaidi, na sasa kweli anahitaji chumba cha upasuaji na pengine mionzi, ambayo mashine zake ni chache katika ukanda wetu na foleni yake, kwa haki kabisa, ni ya wagonjwa wa saratani. Mfumo unaokataa kulipia sindano za mwanzo unatengeneza wagonjwa wagumu wa baadaye. Mhasibu asiye na huruma hata kidogo angepaswa kuliona hilo.

Makovu ya moto ni sura nyingine ya jambo hilo hilo, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kwa kuungua kila mwaka, wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na sehemu kubwa huungulia nyumbani au kazini. Sisi tunazijua sababu zake bila kusoma ripoti: sufuria ya uji iliyo sakafuni, jiko la mafuta ya taa linalolipuka, mafiga matatu na mtoto anayejifunza kutembea. Lakini takwimu za vifo hazimhesabu aliyepona. Kidonda kipana cha moto kikiachwa kijifunge chenyewe, kovu lake hujivuta. Likiwa shingoni, kidevu kinashuka hadi kifuani na mdomo haufungi. Likiwa kwapani, mkono haunyanyuki kuchana nywele. Likiwa kiganjani, vidole vinajikunja kuelekea kifundo na kubaki hapo, ngozi ya kidole kimoja ikiwa imeshikana na ya kingine, na mtoto anajifunza kushika penseli kwa ubavu wa mkono. Ubaya zaidi ni kwamba mtoto anakua na kovu halikui kwa kasi yake. Mkono uliorekebishwa akiwa na miaka mitatu unaweza kuhitaji kufunguliwa tena akiwa na miaka tisa.

Upasuaji wa kuyafungua makovu hayo ni wa kale na unaeleweka. Mojawapo ya mbinu zake hukata kovu kwa umbo la herufi Z, kisha pembetatu mbili za ngozi zinabadilishana nafasi. Kwa pembe za digrii 60, kwa hesabu ya karatasi, mstari uliokuwa umekaza unarefuka kwa takriban asilimia 75. Pale ambapo ngozi haitoshi, hupandikizwa kutoka pajani. Kisha yanakuja mazoezi ya viungo, gango la usiku la kuuzuia mkono usijikunje tena, na nguo za kubana. Nani ataita haya urembo? Na bado ni upasuaji ule ule, unaofanywa na daktari yule yule, ambaye kwenye kadi yake ameandika kwamba ni bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na jina la fani hiyo linatosha kumfanya karani wa bima ashike kalamu nyekundu. Inafaa tukumbuke kwamba AMREF, ambayo kila mtu huku anaijua kwa ndege zake za madaktari, ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji huo huo wa kurekebisha maumbile: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe alijulikana Uingereza kwa kuwatengeneza upya marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Waliona wagonjwa wa Afrika Mashariki wenye majeraha na makovu ya namna hiyo wako mbali mno na hospitali zinazoweza kuwasaidia, wakaamua daktari awafuate. Karibu miaka 70 baadaye, kazi hiyo kwa sehemu kubwa bado inategemea hospitali za hisani kama CCBRT ya Dar es Salaam na CoRSU ya Uganda, pamoja na kambi za madaktari wageni wanaokuja wiki mbili kwa mwaka. Nawashukuru wote. Ila mkono wa mtoto usiwe jambo la bahati ya kusikia tangazo la kambi redioni.

Huku mfumo rasmi ukiwa umejitoa, soko limeingia. Nenda duka lolote la vipodozi Kariakoo au mjini Kampala uulize dawa ya makovu, na utapewa chaguo zaidi ya utakalopewa hospitali ya wilaya. Baadhi ya vipodozi hivyo havina madhara makubwa, vinamaliza fedha tu. Mafuta ya vitamini E yanasifiwa na kila mtu. Mwaka 1999 madaktari wa Marekani waliyajaribu kwa wagonjwa 15 waliotoka kufanyiwa upasuaji, nusu ya kovu ikipakwa mafuta yenye vitamini hiyo na nusu nyingine mafuta matupu, na katika asilimia 90 ya makovu vitamini haikusaidia au ilizidisha ubaya, huku theluthi ya wagonjwa wakipata mzio wa ngozi. Ni utafiti mdogo, nakubali, lakini ni mkubwa kuliko ushahidi alio nao muuzaji. Kilicho hatari hasa ni mkorogo. Watu hutofautisha mkorogo wa kujichubua na krimu ya kuondoa doa la kovu, kumbe mara nyingi ndani ya kopo ni vile vile: haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Mkataba wa Minamata ulizitaka nchi zikomeshe vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni kufikia mwaka 2020, na mashirika ya viwango ya nchi zetu yanakamata shehena mara kwa mara, lakini kopo halijaisha sokoni. Steroidi ile ile inayosaidia ikiwekwa ndani ya keloidi na mtu anayejua kipimo, ikipakwa usoni kila siku kwa miezi hupunguza unene wa ngozi, huleta michirizi isiyofutika, chunusi na fangasi. Ngozi iliyokonda hivyo hata ikijeruhiwa hupona kwa taabu. Mtu alianza na kovu moja akamaliza na uso mzima wenye matatizo.

Ni vigumu kumlaumu anayenunua kopo hilo. Alienda zahanati akaambiwa hiyo si shida, au akaandikiwa rufaa ya mji ambao hana ndugu. Muuzaji, kwa upande wake, alimsikiliza, akamgusa kovu na kumwambia litaondoka kwa wiki sita. Msako wa krimu hautafanikiwa kama mtu mwenye kovu linalomtesa hana mlango mwingine wa kubisha.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la fedha, na si dogo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya iliachana na mfuko wake wa zamani na kuingia kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024. Nchi zote mbili zinahangaika kupata fedha za kulipia mama wanaojifungua, figo, saratani na malaria. Je, huu ndio wakati wa kuzungumzia makovu? Najibu kwamba ndio hasa, kwa sababu vitita vinaandikwa sasa, na kinachoachwa nje leo kitakaa nje miaka mingi. Na ninachokiomba si kikubwa. Sindano za steroidi kwa keloidi inayouma au kukua, kwa idadi maalumu ya mahudhurio. Upasuaji wa keloidi pale tu mpango wa tiba ya kufuatia umeandikwa kwenye fomu ile ile. Upasuaji wa kufungua viungo vilivyovutwa na kovu, pamoja na gango na mazoezi. Kupandikiza ngozi mapema kwa aliyeungua sana, jambo ambalo ndilo linalozuia kovu baya lisitokee. Kwa watoto hilo la mwisho lingeokoa fedha zaidi ya linazotumia, maana mtu mzima asiyeweza kushika jembe, usukani wala kalamu ni gharama ambayo hakuna mfuko unaoiandika lakini familia inailipa kila siku.

Pingamizi la pili ni kwamba mlango ukifunguliwa, wenye kutaka urembo watapita humo humo. Watajaribu, bila shaka. Hakuna kitita ambacho watu hawajajaribu kukipindisha. Lakini mipaka ninayoipendekeza inapimika. Daktari anaweza kuandika kiwiko kinanyooka kwa digrii ngapi, kidevu kiko sentimita ngapi kutoka kifuani kinaponyanyuliwa, keloidi imekua kwa kiasi gani tangu mahudhurio yaliyopita, na mgonjwa anaupa mwasho wake namba gani kati ya sifuri na kumi. Daktari wa meno anaulizwa maswali magumu kuliko hayo kabla ya kulipwa. Kwa upande mwingine wa mpaka, niko tayari kuwa mkali. Bima isilipie leza ya kulainisha alama za chunusi, wala krimu za kung'arisha madoa. Madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi hata si makovu. Ni rangi iliyozidi, na kwa kawaida hufifia kwa muda na kwa kujikinga na jua.

Niseme neno kuhusu leza kwa kuwa matangazo yake yamejaa kwenye simu. Miale ya leza hufyonzwa na rangi ya ngozi, kwa hiyo ngozi nyeusi hupokea joto jingi na huweza kuungua au kubaki na mabaka. Hata kipimo cha aina za ngozi kinachotumiwa na waendesha leza, alichokitunga Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, kilianza kwa ngozi za Wazungu peke yake. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Zipo leza zilizo salama zaidi kwetu, hasa ile ya mawimbi ya nanomita 1064, na zipo njia za kuchoma ngozi kwa visindano vidogo ambazo haziathiri rangi sana. Kwa mwenye uwezo wake, ni hiari yake. Aulize tu mashine ni ya aina gani, na aliyeishika ni daktari wa ngozi au ni mtu aliyefundishwa wikiendi mbili. Na kama ana historia ya keloidi, afikirie mara mbili kabla ya kumruhusu yeyote amjeruhi kwa makusudi.

Lipo pingamizi la tatu, la watu wema: kwamba tuwafundishe watu kuyakubali makovu yao badala ya kuyakimbia. Wanakumbusha kwamba wazee wetu walijichanja chale kwa kujipamba, kwamba Wamakonde walichora nyuso zao kwa wembe na hakuna aliyeziita kasoro. Napenda hoja hiyo kwa sehemu. Aibu inayowekwa juu ya mtu mwenye alama usoni ni ya kwetu, na inatupasa kuiondoa sisi. Ila chale mtu, au jamii yake, aliichagua, ikawekwa mahali pake kwa ustadi, na ikakaa ilipowekwa. Keloidi haikuchaguliwa wala haikai. Mtu anayekuna kifua chake saa nane za usiku hawezi kuambiwa aupende mwili wake kana kwamba huo ndio mjadala. Mpeni sindano kwanza. Suala la kujikubali atalimudu vizuri zaidi akiwa amelala usingizi.

Wataalamu nao wana pingamizi lao, nalo ndilo ninaloliheshimu zaidi: kwamba ushahidi wa tiba hizi wenyewe ni dhaifu. Ni kweli. Plasta za silikoni, ambazo miongozo ya kimataifa inazitaja miongoni mwa tiba za mwanzo na zinazotakiwa kuvaliwa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi, zimechunguzwa mara nyingi kwa tafiti ndogo zenye kasoro, na mapitio ya Cochrane yamelisema hilo waziwazi. Keloidi hurudi hata kwa wagonjwa waliotibiwa vizuri. Sindano inaweza kukondesha ngozi na kuacha weupe. Kwa joto la Tanga au Mombasa, plasta ya silikoni kifuani Februari yote ni mtihani wa imani. Ndiyo maana silikoni sijaiweka kwenye orodha yangu ya lazima, ingawa nisingemkataza mwenye nayo. Lakini udhaifu wa ushahidi una sababu: kwa muda mrefu tafiti nyingi zimefanyika kwenye nchi ambazo keloidi ni nadra. Tukilipia tiba na kuandika matokeo yake, kliniki zetu zitakuwa na wagonjwa wa kutosha kujibu maswali ambayo Ulaya haiwezi kuyajibu. Na magonjwa yanayorudi hatuyaachi. Pumu hurudi, shinikizo la damu haliponi, na hakuna anayesema wagonjwa wake ni wa urembo.

Kuhusu nani ataifanya kazi hii, hali si mbaya kama inavyodhaniwa. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache, lakini kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa tangu miaka ya 1990 kikiwafundisha maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kutibu ngozi katika hospitali za wilaya. Hao ndio wanaofaa kushika sindano ya keloidi. Kinachowakwamisha ni kukosa dawa kabatini na kukosa namba ya kulipia huduma hiyo kwenye mfumo wa madai.

Na kabla ya tiba lipo swali ambalo halina gharama yoyote: "Wewe au ndugu yako amewahi kuwa na keloidi?" Liulizwe kabla ya kila upasuaji usio wa dharura, kabla ya mama kupangiwa tarehe ya kujifungua kwa kisu, ili mshono upangwe na ufuatiliwe ipasavyo. Mwenye kutoboa masikio aliulize pia. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba miongoni mwa waliotobolewa wakiwa na miaka 11 au zaidi asilimia 80 walipata keloidi, wakati waliotobolewa wakiwa wadogo zaidi walikuwa asilimia 23.5. Waliohojiwa walikuwa wachache, kwa hiyo tusizichukue namba hizo kama za watu wote, lakini kwa familia yenye keloidi ujumbe wake unaeleweka. Kinyozi naye. Mashine inayokwangua kisogo hadi ngozi ing'ae ndiyo inayowachokozea wengi vile vipele vinavyogeuka kuwa mabonge magumu kwenye mstari wa nywele. Mwenye vipele hivyo amwambie kinyozi aache nywele kidogo na asirudie mara ya pili kwa wembe.

Kwa wanaoandika vitita Dodoma na Nairobi, ombi ni fupi: kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, baada ya neno urembo, ongezeni sentensi moja inayoyaondoa makovu yanayouma, yanayokua na yanayofunga viungo. Na kwa msomaji mwenye keloidi ambaye kesho ameahidiwa kukatwa, muulize daktari wako kabla hujapanda kitandani: baada ya kukata, nitapewa tiba gani, kuanzia lini, na kwa muda gani? Kama hana jibu, usikatwe.